Shauri la Chungu cha Nashipae

Shauri namba mia mbili na kumi na mbili, Boma la Arusha: Wanyama Wadogo Sana Waliofugwa Nyumbani Bila Kuandikishwa, Maelezo Yao na Idadi Yao... na hapo kwenye idadi ndipo kalamu ya karani Shomari ilipokwama, inaning'inia hewani na tone la wino, maana Nashipae hasemi, na hatasema, hata wamlete aliyeichapa hiyo karatasi huko kwao Ulaya aje amwulize mwenyewe, eti wangapi, mtu mzima mwenye ndevu zake anamwuliza mjane mbele ya askari, mama, una wangapi, kwa sauti ile ile aliyomwamkia nayo shikamoo, kana kwamba ni salamu tu inaendelea, labda huko kwao Tanga watu wakiamka huhesabiana watoto na mbuzi kabla ya kunawa uso, lakini hapa chini ya Meru kilicho hai hakihesabiwi, unakijua, unakijua kwa rangi na kwa mwendo na kwa mama yake, na jioni asipoonekana mmoja unajua ni nani hajarudi, sasa hesabu ya nini, hesabu ni ya mawe... na chungu chake kipo pale mezani, kati ya kidau cha wino na muhuri, kimefunuliwa, jua linaingia, hawa waliomo, wadogo kama punje, hawataki jua, wakikauka wanakufa, amesema hivyo mara mbili, na mara mbili Shomari amejibu subiri mama, na kando ya meza amekaa Bwana wa Chupa, yule mzungu anayezunguka msitu wa juu ya Olmotonyi akitia kila kitambaacho ndani ya spiriti, jicho moja amelifumba, jingine amelipachika kwenye kioo kinachokuza, na chupa yenyewe iko sakafuni karibu na kiatu chake, kizibo kimekwisha kutolewa, harufu inafika mpaka kooni, inamsubiri Narok, inamsubiri Mugie, inasubiri kundi zima la chunguni.

"Bwana anasema hawa si wadudu," Shomari anatafsiri bila kuinua macho, "anasema ni ukoo wa kaa." Kaa ni nani, Nashipae anauliza. "Kaa, mama, wa baharini. Kwetu tunamla." Mnamla! Basi anayekula jamaa zao ndiye aliyepewa kalamu, serikali hii ina mpangilio wake... na askari aliyeegemea nguzo anacheka, anauliza, "Mama, hawa unawakamua lini?" na yeye hakugeuka hata shingo, "Siku utakayoachishwa ziwa," huku Bwana wa Chupa akiendelea kunung'unika kwa lugha yake, na Shomari akiandika, miguu kumi na minne, magamba saba mgongoni, vijimkia viwili, anajikunja akiguswa, basi, mambo yote hayo yamehitaji kioo na meza na wanaume watatu, wakati yeye Nashipae aliyajua kwa kidole, unageuza gogo bichi, unagusa, akijikunja akawa kama ushanga na hana harufu ndiye, akijikunja akanuka, na ana miguu isiyo na mwisho, huyo ni jongoo, mrudishe ulipomtoa, na yule bapa anayekimbia asiyejua kujikunja naye mwache, hakai na wenzake, kisha unaweka udongo wa msituni, majani yaliyooza, kipande cha gome, kuvumwani, ule ukoga wa kijani wa magogoni, wenye maji, upande mmoja ili mwenye kiu aende na aliyeshiba unyevu arudi, hakuna aliyemfundisha, ila kama kufuga kunafundishwa basi alifundishwa na ng'ombe, enzi walipokuwapo ng'ombe...

Walikuwapo. Walihesabiwa. Mwaka ule boma hili linajengwa, walikuja watu wa serikali na karatasi kama hii, wakasimama langoni, ng'ombe wa Lesikar wakapitishwa mmoja mmoja na fimbo ikagusa kila mgongo, Lesikar mumewe akafumba macho asione, na hesabu ilipokwisha ng'ombe wakaondoka na waliohesabu, wazee wakasema ni kwa sababu wamehesabiwa, wakalimani wakasema ni adhabu ya vita, na yeye hadi leo haoni wanabishania nini, maana wote wamesema kitu kimoja... kisha Lesikar mwenyewe akachukuliwa kubeba mawe na chokaa ya ukuta huu huu anaouegemea askari mjinga, na jioni moja akarudi, mweupe kwa chokaa mpaka kope, mkono ameufumba, akasema nyoosha kiganja, akamwekea kitu kidogo cha duara, akasema nimewaibia mmoja, alikuwa chini ya jiwe lao, nimekuletea ng'ombe, na ushanga ukajikunjua ukatoa miguu ukatembea kiganjani, na wakacheka, Mungu wangu walivyocheka, watu wasio na hata ndama, wakacheka mpaka kifua cha Lesikar kikamshika akaanza kukohoa, na kikohozi hicho hakikumwacha tena, mwaka uliofuata alizikwa nacho... na huyo wa kwanza alipokuwa peke yake chunguni Nashipae alimtafutia wenzake magogoni, wakazaa, wakafa, wakazaa, hawa ni vitukuu vya jiwe la boma, wameibwa kwa halali, na leo boma linawadai.

"Mama," Shomari anasema, sasa kwa upole, na upole wake ndio unaomkera zaidi, "bila idadi karatasi haipigwi muhuri, na bila muhuri Bwana hawezi kuwatia chupani, maana safari moja alipeleka chupa iliyoandikwa tisa na ndani walikuwa kumi, wakubwa wake huko Ulaya wakamwandikia barua nusu mwaka wakimwuliza yule mmoja katoka wapi. Nisaidie." Nisaidie! Amsaidie kumnyang'anya! Wahesabu wenyewe basi, wana macho, lakini walishajaribu, Shomari alitia kijiti, wote wakazama kwenye udongo kama maji, anawaona wawili, anasema watano, anawaona watatu, anasema wawili, ni yeye tu mwenye chungu anayewajua, ataje, aitajie chupa... hatawataja, atawapitisha kimoyomoyo tu, kama unavyosimama langoni jioni ukiwatazama wakiingia, kuona kama wote wazima, basi, aingie Narok mweusi asiye na doa, aingie Mugie wa kahawia na binti yake aliyevunjika kipembe, aingie Arus mwenye madoadoa, na ndugu zake wale wawili wanaofuatana, aingie yule aliyejivua gamba nusu, nyuma jipya mbele kuukuu, yule mzee mvivu wa chini ya gome, mapacha wa kijivu, aingie wa njano, aingie mchoyo asiyependa wenzake, na nyuma kabisa, polepole, mzito, Sambu wa mabaka, kumi na tatu... nani kasema kumi na tatu, hakuna aliyesema, midomo imefungwa, kumi na tatu imejisema yenyewe ndani ya kichwa chake, kwa sauti ya Shomari, kichwa chake mwenyewe kimeshika fimbo kikagusa migongo, eeh Lesikar, wameingia mpaka humu, ukuta wao wameuleta hadi ndani ya fuvu, na sasa namba iko pale kwenye ulimi, imeiva, inataka kutoka, akiulizwa tena itatoka.

Akainama juu ya chungu awaombe radhi. Na Sambu alikuwa ukingoni, juu ya kuvumwani, amejipinda, tumbo nje, lile tumbo alilolibeba majuma kwa majuma limevimba kama kifuko cha maziwa, na kifuko kimefunguka, na kwenye ufa wake kitu cheupe kidogo kuliko chembe ya chumvi kikatikisa miguu, kikaanguka kwenye unyevu, kikatembea, na nyuma yake kingine, na kingine, na ile kumi na tatu ikafa palepale kichwani mwake bila hata kuzikwa, akahisi kicheko kinapanda, kile kile cha kiganjani, kina chokaa ndani yake. Bwana wa Chupa naye amekwisha kuona, kioo kimekaribia kugusa ukingo wa chungu, anasema neno, analirudia kwa hasira, na Shomari anatafsiri, "Bwana anasema hawa wachanga wana miguu kumi na miwili. Karatasi inasema kumi na minne." Kisha, kwa desturi tu, kalamu bado hewani, tone bado linaning'inia: "Mama, kwa mara ya mwisho. Wangapi?"

"Andika," alisema Nashipae, "bado wanakuja."

Kilichotokea hasa, ukiacha maandishi, ni hiki: Sambu alizaa juu ya meza ya boma, karatasi ikakosa idadi na muhuri, chupa ikazibwa ikiwa tupu, na watoto hawakuhesabiwa.