Adabu ya Macho

Nilikuwa nimechoka kabla hatujafika. Si uchovu wa safari, maana kutoka kijijini kwetu Didia hadi Shinyanga mjini si mbali kihivyo. Ni ule uchovu wa kumwelezea mtoto wako kwa watu tangu akiwa mgongoni, na kila unayemwelezea anakutazama kama vile wewe ndiye uliyemziba masikio.

Tulikuwa mimi, binti yangu Aneth, na mama mkwe wangu Apolonia, ambaye hakualikwa. Magoti yake yamevimba, akikaa chini kumwinua ni kazi ya watu wawili, lakini alfajiri ile alijifunga kanga akawa wa kwanza kufika barabarani. Tulikuwa tunakwenda kwenye shule ya msingi yenye darasa la watoto viziwi na bweni. Mwalimu angempima Aneth. Akimwona anafundishika, anabaki. Akimwona hafundishiki, turudi naye akachunge mbuzi mpaka azeeke. Shule ya kijijini ilikwisha kumkalisha nyuma ya darasa mwaka mzima, anahesabu mijusi ukutani, kisha wakaniambia eti hiyo ndiyo elimu jumuishi.

Kila mtu ana jibu lake kuhusu masikio ya Aneth. Hospitali walisema ni homa ya uti wa mgongo. Mchungaji alisema pepo. Mama mkwe alisema mizimu imekasirika, na bila shaka ni mizimu ya kwetu, ya kwao haina kasoro. Baba yake, Ngassa, alisema tusubiri apate dhahabu. Yuko Geita mashimoni mpaka leo, anaisubiri dhahabu, na sisi tunamsubiri yeye. Mimi majibu yalinichosha. Nilitaka mtu amfundishe kusoma, basi.

Mwalimu Loveness alikuwa dada wa Moshi, mchangamfu, mwenye haraka. Nje wazazi wengine walikuwa wamejaa kwenye benchi. Alituonyesha viti. Aneth hakuketi. Alipiga magoti mbele yake, mikono kwenye mapaja, macho sakafuni, kama binti yeyote aliyelelewa Usukumani.

Mwalimu akamwonyesha kadi yenye picha ya ng'ombe. Aneth hakuinua macho. Mwalimu akampungia mkono. Akamshika kidevu akakiinua taratibu, na alipokiachia kikashuka tena.

"Mama Aneth, nyumbani huwa anakutazama usoni?"

"Ananitazama, mwalimu. Tunaongea kwa mikono siku nzima. Hapa anakuheshimu."

"Heshima ni nzuri, mama. Lakini kiziwi anasikia kwa macho. Asiponitazama, mimi nitamfikia vipi?" Akajaribu kadi nyingine, ya kuku. Kisha akashusha pumzi. "Huenda ana tatizo jingine zaidi ya masikio. Mleteni mwakani, tutamwona tena."

Mwakani. Neno hilo nimelishwa mpaka nimevimbiwa. Nikamgusa Aneth begani, nikamwashiria: mtazame mwalimu. Aliniona. Halafu akamtupia jicho bibi yake kwenye kona, akainama tena.

Bibi ndiye aliyemfunza. Kila mtoto alipoinua macho mbele ya mkubwa, bibi alimfinya sikio, sikio lilelile lisilofanya kazi. Alikuwa akisema mtoto asiyesikia lazima awe na adabu kushinda wote, watu wasije wakamwita na mwehu pia.

Hasira zikanipanda. Sijawahi kumpandishia mama mkwe sauti tangu niolewe.

"Mama, mwondolee hiyo adabu! Wewe ndiye uliyemwekea!"

Apolonia akajishika ukutani, akasimama.

"Hiyo ya ng'ombe," alimwambia mwalimu. "Niletee hapa, mayu, mama yangu."

Akaichukua kadi, akaenda mbele ya Aneth, akaanza kushuka. Nilidhani anapiga magoti. Hakuishia hapo. Alikaa chini, akaguna, akajilaza ubavu kwenye sementi ile baridi, mpaka uso wake ukawa palepale macho ya mjukuu wake yalipoangukia. Akaiweka kadi shavuni.

Aneth akamwona mkubwa akiwa chini yake. Kisha mikono ikapanda kichwani ikawa pembe, moja imepinda, na kidole kikamwelekea bibi: ng'ombe wako, yule wa pembe mbovu.

"Wabeja," bibi alimshukuru kwa Kisukuma, kana kwamba anasikiwa.

Mwalimu Loveness alivua viatu. Akalala sakafuni karibu na bibi na gauni lake la kazini, kadi kifuani. Kuku. Maji. Moto. Aneth alizijibu zote, na jogoo alimwigiza mpaka mwalimu akacheka. Mimi nililia, wala sikujificha.

"Anabaki," mwalimu alisema akiwa bado chini. "Leo hii hii. Atazoea kututazama, mama, tutakwenda naye polepole."

Nikapanga nguo zake kwenye kitanda cha bweni, nikarudi kwenye chumba kile. Tukamshika Apolonia, mimi kwapa hili na mwalimu kwapa lile, tumwinue. Akaitoa mikono yetu.

"Niacheni kwanza," alisema, bila kuyaondoa macho usoni kwa mtoto. "Nikisimama atainama."

Mlangoni mzazi mwingine alikuwa anabisha hodi. Nikavuta kanga yangu, nikakaa nao sakafuni.