Sabuni Usoni mwa Marehemu

Kwanza mjane alidhani ni vumbi. Akaifuta picha ya marehemu mumewe, iliyochorwa kwa rangi ya mafuta, kwa kitambaa na tone la mafuta ya kupikia, kama alivyozoea, maana hakupenda mume wake apauke hata akiwa ukutani. Lakini vipele vyeupe shavuni havikutoka. Vilikuwa vimechipuka kutokea ndani, vigumu kama punje za chumvi.

Akaibeba picha hadi kwa fundi wa kutengeneza picha za kuchorwa.

"Mama, umekuwa ukimpaka nini huyu mzee?"

"Mafuta. Kwani wewe mkeo humpaki?"

Fundi akacheka, akasogeza lenzi. "Rangi hii nyeupe ina madini ya risasi. Mafuta yakichakaa hutoa asidi. Basi chembe moja ya risasi hushika asidi mbili, huku na huku, mikia yao mirefu ikining'inia. Zikijazana zinakuwa sabuni. Sabuni inavimba, inapasua rangi, inatoka."

"Sabuni!" Mjane akashika kiuno. "Mwanamume niliyekuwa nikimkimbiza na ndoo nyumba nzima aende kuoga!"

"Nikikwangua, uso utabaki mashimo. Mwache mkavu, usimguse, huenda vipele vikatulia. Ukiendelea na mafuta, utampoteza."

Picha nyingine hakuwa nayo. Sura ile ndiyo iliyobaki duniani.

Akamtundika mbali na jiko, chupa ya mafuta akaifungia kabatini, ufunguo akauvaa shingoni. "Vumilia, baba watoto. Hata mimi mikono inaniwasha."

Asubuhi moja aliamshwa na harufu ya sabuni. Shavu la marehemu lilimeremeta kwa mafuta. Vipele vilikuwa vimeteremka, vimepasua rangi katikati ya midomo, na mdomo uliofumbwa tangu siku ya kuchorwa sasa ulikuwa wazi kidogo. Mjane akatazama viganja vyake: vikavu. Akakimbilia kabati: limefungwa. Akaushika ufunguo shingoni, ukamteleza kwa mafuta.

Mikono ilimwinuka yenyewe kwenda kumfuta. Akaivuta nyuma, akaifumbata mgongoni kama mtoto aliyekamatwa akilamba sukari, akasogeza sikio tu.

"Haya, sema," akanong'ona. "Lakini ukiniomba mafuta, sikupi ng'o."

Kidole cha uvuguvugu, chenye povu, kikatoka pichani, kikampapasa shavuni, taratibu, kama mtu anayemtunza mwenzake asipauke.