Nta Iliyopanda Pikipiki

Kasimiri alikaa na ile pikipiki miezi saba, na katika miezi saba hiyo ilitembea siku kumi na moja. Siku zilizobaki ilikuwa inatengenezwa. Mkewe, Apolinaria, alisema ng'ombe mgonjwa ana adabu kuliko hicho chuma: ama anapona, ama analiwa.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, mtaa wa Ng'ambo, Tabora. Mashamba ya karanga ya Waingereza kule Urambo yalikuwa yameshindwa, na vyombo vyake vikauzwa kwa bei ya kutupa. Wenye akili walinunua mabati. Kasimiri akanunua pikipiki ya jeshi isiyo na tairi la nyuma, akaileta nyumbani kwa treni, ameishika mkono njia nzima kama anasindikiza maiti ya ndugu.

Vitani Kasimiri alikuwa mpishi. Apolinaria alilijua hilo, maana vyeti vilikuwa ndani ya sanduku lake yeye. Lakini tangu pikipiki ifike, vita vilibadilika. Kila Jumapili baada ya misa, Kasimiri alikuwa amebeba barua za majenerali kule Burma, risasi zinampita masikioni. Sufuria haikutajwa tena.

Halafu akaanza kuirekebisha. Usukani wake aliuona mfupi, hauna heshima, akaung'oa na kuweka vyuma viwili vya kitanda cha wageni. Wageni tangu hapo walilala chini. Sailensa aliitoa kwa maelezo kwamba injini inataka kupumua, mahali pake akafunga kipande cha bomba la maji, na injini ikapumua mpaka kuku wa jirani wakaacha kutaga. Kiti alikivika ngozi ya mbuzi yenye manyoya yake. Ikinyesha, kilinuka kama vile mbuzi mwenyewe amerudi kuulizia. Madigadi alikata kwenye debe la mafuta ya taa. Na ubavuni, kwa ajili ya familia, alifunga beseni kubwa la bati la kuogea, chini yake gurudumu la toroli. Familia tangu hapo ilioga kwa kopo.

Alikuwa na mwenzake mmoja katika wazimu huo, Shaban, fundi cherehani, Mzaramo, na kwa hiyo mtani. Shaban alikuwa amefunga injini ya pampu ya maji kwenye baiskeli. Wawili hao walijiita Chama cha Waendesha Pikipiki. Mwenyekiti alikuwa Kasimiri, na Shaban naye alikuwa mwenyekiti, kwa kuwa hakuna aliyekubali kuwa karani. Mikutano ilifanyika uani kwa Apolinaria, wajumbe wamevaa miwani ya vumbi hata wakiwa wameketi, wanakunywa chai yake na kuzungumzia milima ambayo hawajaipanda.

"Shemeji," Shaban aliwahi kumwambia, "sisi tumewakomboa. Ninyi Wanyamwezi mlivyozoea kubeba mizigo kichwani mpaka pwani, leo mnabebwa."

"Pwani tulifika," alijibu Apolinaria akiwamiminia. "Wewe mwezi uliopita ulifika sokoni, ukarudi umebeba baiskeli."

Sasa Apolinaria mwenyewe kazi yake ilikuwa nta. Kaka zake walikuwa warina asali huko porini, na masega yakishakamuliwa yalikuja kwake. Aliyachemsha, akachuja, akagandisha, akauza. Ng'ambo nzima hakuna aliyeijua nta kama yeye, na nje ya Ng'ambo alikuwepo mmoja tu aliyedhaniwa kumshinda, Minza wa Ipuli. Minza ndiye aliyekuwa akipeleka nta ya mshumaa wa Pasaka seminarini Kipalapala, miaka sita mfululizo. Mwaka uliopita mshumaa huo ulitoa moshi mweusi na kutema cheche katikati ya sala, na kila mwanamke aliyekuwa kanisani alijua maana yake: Minza alitia mafuta ya ng'ombe kuongeza uzito.

Basi mwaka huu Bruda Bernardo, mtengeneza mishumaa wa Kipalapala, Mzungu ambaye Kiswahili chake kilikuwa kizuri ila hakikuwa na haraka, alimwita Apolinaria baada ya misa.

"Mama Paskazia, nataka nta safi. Jumatano Kuu, kabla ya kengele ya saa sita. Mchana huo ninamimina. Ikichelewa, Minza amesema anayo."

Apolinaria hakumwambia mtu, ila Ng'ambo nzima ilijua. Aliichuja nta ile mara nne, mara ya mwisho kwa kitambaa alichokuwa akikihifadhia kanisa. Ikaganda mkate mmoja mpana, wa manjano mpaka ndani, bila tone la uchafu. Alikuwa anaamka usiku anaitazama kama mtoto mchanga. Mwanamke anaweza kuishi miaka arobaini mjini bila kuulizwa chochote cha maana, halafu siku moja anaulizwa. Hiyo ndiyo siku yake.

Jumatano alfajiri, baada ya usiku mmoja aliolala fofofo kwa uchovu, alikwenda kisimani, ili arudi, aoge, afunge mzigo na kushika njia mapema. Kipalapala ni mwendo wa saa mbili na ushee kwa miguu. Aliporudi na ndoo, mkate wa nta haukuwa mezani. Ulikuwa ndani ya beseni la pikipiki, umefungwa kwa kamba, na Kasimiri amesimama pembeni amevaa miwani. Shaban naye ameshafika, amekalia pampu yake.

"Leo nta inakwenda kwa injini," alisema Kasimiri. "Nusu saa tu. Watu wote nimeshawaambia."

Apolinaria alitua ndoo. Macho yake hayakwenda kwa mumewe, yalikwenda kwenye nta. Kona moja ilikuwa imekatwa, pakubwa kuliko kiganja.

"Kona iko wapi, baba Paskazia?"

"Ah, kidogo tu. Tangi lilikuwa linalia."

"Linalia vipi?"

Kasimiri alieleza kwa raha, kama mtu aliyeombwa afundishe. Tangi lilikuwa na ufa kwenye kiungo cha chini, petroli inadondoka. Mafundi wa reli wangetaka kulichoma kwa moto, wanaharibu. Yeye jana usiku, mkewe amelala, alilimwaga, akalikausha, akayeyusha nta, akaimimina ndani na kulizungusha tangi taratibu mpaka nta ikashika kuta zote. Vile vile baba yake alivyokuwa akitia nta kibuyu cha pombe. Kibuyu kile mpaka leo hakivuji.

"Na petroli ukairudisha humo."

"Nimejaza asubuhi hii. Hakuna tone. Njoo utazame."

Kila wiki Apolinaria alifua vitambaa vyake vya kuchujia, na kila wiki alijua kwamba maji ya moto huisukuma tu nta huku na huku, ila ukitia petroli kikombe kimoja, nta inalainika, inakuwa kama makamasi, inaondoka.

"Petroli inakula nta," alisema. "Nafulia vitambaa vyangu nayo."

Wenyeviti wawili walitazamana.

"Shemeji," alisema Shaban kwa upole wa kumwonea mtu huruma, "hayo ni mambo ya kufua. Hii ni injini."

"Haya. Nifungulieni nta yangu, niende kwa miguu."

"Mama Paskazia," Kasimiri alishusha sauti, "watu wako barabarani wanatungoja. Utaniaibisha mbele ya watu kwa sababu ya vitambaa?"

Angeweza kupiga kelele. Lakini jua lilikuwa linapanda, na kumshusha Kasimiri pikipiki siku aliyokwisha kujitangaza ni kazi ya mpaka saa tisa. Aliingia ndani, akaoga haraka kwa kopo, akavaa khanga safi, akatoka na ngata yake, ile duara ya kitambaa ya kutulizia mzigo kichwani. Akaingia ndani ya beseni, akaifungua kamba, akaipakata nta.

"Ngata ya nini sasa?" aliuliza Kasimiri.

"Ya kukalia."

Wakaondoka. Kusema kweli, mwanzo ulikuwa mzuri, kama mwanzo wa kila upumbavu. Bomba la maji lilinguruma, watu walitoka milangoni, mbuzi walikata kamba. Kasimiri alikuwa amenyoosha mikono juu ya vyuma vya kitanda kama padri anayebariki, na kila alipomwona mtu anayemjua aliinua kidole kimoja, salamu ya chama. Nyuma yao Shaban alikuja akinyonga pedali, kwa kuwa pampu ilikuwa inasaidia kwenye mteremko tu. Ndani ya beseni Apolinaria alirushwa kila shimo, magoti yamefika kidevuni, nta kifuani, akimwamkia kila mzee kwa heshima. "Shikamoo, babu." "Marahaba, binti, unapelekwa hospitali?"

Walipita nyumba za mwisho, wakashika njia ya Kipalapala. Injini ikakohoa mara moja. Kasimiri akasema ni vumbi, ingawa mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ikakohoa tena. Karibu nusu ya njia, penye mashamba ya mihogo, ikapiga chafya mbili na kunyamaza, na kimya kilichofuata kilikuwa kitamu kuliko chai.

Kasimiri aliteremka na spana. Alifungua plagi, akaipuliza, akairudisha. Alitikisa usukani. Aliipiga teke, kwanza kwa ufundi, baadaye kwa hasira. Hatimaye, jua likiwa limeshapanda sana, alifungua kabureta, akaingiza kidole, na kidole kikatoka na kitu cha manjano, laini, kinachovutika.

Alikifuta kwenye suruali, kikashika suruali.

"Makamasi," alisema Apolinaria kutoka ndani ya beseni.

Shaban alifika anahema, akainama chini ya tangi. "Mwenyekiti, tangi linalia tena."

Na kweli, tone moja, la pili, la tatu. Nta iliyokuwa imeziba ufa ilikuwa imeteremka kwenye kabureta, na petroli ikarudia mlango wake wa zamani. Wenyeviti walikaa kikao hapo hapo barabarani. Walizungumza kuhusu gundi ya mihogo. Walizungumza kuhusu sabuni. Halafu Kasimiri akageuka, akaweka ile sauti aliyomchumbia nayo.

"Mama Paskazia, nikatie kipande kingine kidogo. Safari hii nitapaka kwa nje tu."

Apolinaria alitoka kwenye beseni, akajinyoosha mgongo, akaweka ngata kichwani na nta juu ya ngata. Shingo yake ikatulia, kama vile mgongo mzima ulikuwa unangoja hilo tangu Ng'ambo.

"Unakwenda wapi?"

"Nta inakotakiwa."

"Na sisi?"

"Ninyi mko kwenye mkutano."

Alitembea. Hapo ndipo inapokatiza ile njia ya zamani ya misafara, ambayo babu zake waliipita na pembe za ndovu mpaka Bagamoyo, miezi mitatu kwenda, na hakuna hata mmoja aliyelala njiani akingoja plagi ipulizwe. Matope yalimshika, akavua viatu akatembea peku. Jua lilikuwa limeshakaribia utosi. Alianza kuhesabu hatua, akaacha, akaharakisha. Aliona paa la kanisa kabla ya kusikia chochote, na alipofika mlangoni kwa Bruda Bernardo, seminari ilikuwa kimya. Kengele bado.

"Tumsifu Yesu Kristu, Bruda."

"Milele na milele, amina. Umekuja kwa miguu, mama? Nilisikia habari za injini."

"Injini imebaki njiani, inaomba nta."

Bruda aliipokea nta kwa mikono miwili, akaigeuza mwangani, akakwaruza kwa ukucha, akatafuna punje. Uso wake ulikuwa unafurahi. Kisha akafika kwenye kona iliyokatwa, akainusa, na furaha ikakwama.

"Inanuka petroli."

Ni vidole vya Kasimiri, ambavyo Apolinaria katika haraka na moshi wa asubuhi hakuvigundua. Alikata nta kwa mikono iliyotoka kwenye tangi, na weusi wa vidole vinne ulikuwa umelala pale wazi kama sahihi. Mshumaa wa Pasaka haunuki petroli.

"Nipe kisu, Bruda."

Alikata mwenyewe. Hakuibania: alitoa ubavu mzima wa upande ule, unene wa vidole viwili, akauweka kando, akamkabidhi uliobaki. Bruda alinusa tena, polepole, juu, chini, pembeni. Kengele ya saa sita ikaanza kulia. Alingoja iishe, akafanya ishara ya msalaba, ndipo akasema.

"Safi kabisa. Sijapata kuona nta kama hii. Ila mwaka huu mshumaa utakuwa mfupi kidogo."

"Mfupi usiotema cheche," alisema Apolinaria.

"Na watu wakiuliza kwa nini ni mfupi?"

"Waambie wamuulize baba Paskazia."

Aliporudi aliwakuta wenyeviti wamesogea mbele kama hatua mia. Pikipiki walikuwa wameificha kwenye mihogo, na tangi wamelifungua wakalimwaga, kwa kuwa Kasimiri alitaka kulipeleka nyumbani akalioshe. Alikuwa amelikumbatia tumboni, amelowa petroli mpaka magotini, miwani ya vumbi bado usoni.

Apolinaria alimpa Shaban ule ubavu wa nta yenye madoa. "Kwa uzi wako wa cherehani, shemeji. Usiipitishe karibu na pampu."

"Nimesikia, shemeji," alisema Shaban, akaubana kwapani.

Kasimiri alimtazama mkewe, akatazama kichwa chake kilichokuwa hakina mzigo, akatazama tangi. "Mama Paskazia," alianza, "wewe umezoea. Unaonaje kama ungenisaidia..."

Apolinaria aliivua ngata kichwani, akaikung'uta, akaiweka juu ya kichwa cha mumewe. Akamnyanyulia tangi, akamtulizia juu yake, akamrekebishia kidevu kwa kidole, kama anavyofundishwa mtoto anayebeba mtungi mara ya kwanza.

"Usitazame chini," alisema. "Ukitazama chini linaanguka."

Akatangulia. Nyuma yake Kasimiri alifuata kwa hatua fupi fupi, mikono juu, na walipofika nyumba za kwanza za Ng'ambo, wazee wale wale waliowaona asubuhi walikuwa bado vibarazani. Shaban alivumilia mpaka nyumba ya tatu.

"Shikamoo, mpagazi," alisema. "Bagamoyo utafika lini?"