Mkate Uliotolewa Kiini

Ukimwuliza Milcah, atakuambia bauru huharibiwa na wavivu. Mvivu huweka jibini ikiwa baridi, tena huacha kiini chote laini ndani ya mkate, ukiuma unajaza mdomo unga mtupu. Sandwichi hiyo ya Kibrazili alifundishwa na Dona Lúcia, ambaye Milcah alikuwa akimsafishia nyumba huko Al Thumama, Doha, na baada ya miezi sita mama yule alikosa hata la kurekebisha.

Ndipo Dona Lúcia alipomwambia kwamba yeye na mshirika wake, Bwana Fadi, wanafungua mkahawa. Yeye alikuwa anakwenda Brazili kumuuguza mamake, lakini Jumamosi ya wiki iliyofuata Milcah aende akampikie Fadi. Akiridhika, kazi ni yake. Milcah aliihitaji kazi hiyo vibaya sana. Kampuni yao ya usafi ilikuwa inawarudisha Kenya wote ambao mikataba inaisha, wake ulibakisha wiki tatu, na binti yake Edith alibakisha mwaka mmoja shuleni.

Habari njema kama hiyo angemficha vipi Jerusha? Walishuka Doha kwa ndege moja mwaka 2011. Chumbani Al Mansoura walilala kitanda kimoja cha ghorofa, Milcah chini, Jerusha juu, na Jerusha alipougua tetekuwanga ni Milcah aliyemwogesha.

"Nionyeshe pia mimi," Jerusha alisema. "Hata kama ni ya kujua tu."

Basi akamwonyesha, mjinga wa watu, bila kubakiza kitu. Nyama ya ng'ombe ya kuoka ipoe kwanza, ndipo ikatwe nyembamba. Mkate upasuliwe, kiini cha upande wa juu kitolewe kwa vidole, ganda lisitoboke. Jibini iyeyushwe kwenye maji ya moto mpaka ivutike, imwagwe juu ya nyama ikiwa bado moto. Kisha nyanya, tango la siki, chumvi na oregano kidogo. Ndimu kwenye nyanya aliiongeza Milcah mwenyewe, kwa mazoea ya kachumbari.

"Na hiki kiini tunatupa?" Jerusha aliuliza.

"Utupe chakula? Leta maziwa."

Alikichemsha kwa maziwa na sukari, wakala wawili kwa kijiko kimoja.

Jumamosi ilipofika, Milcah alivaa blauzi yake ya kanisani, akafika mkahawani mapema. Bwana Fadi, Mlebanoni mpole, alimtazama kwa mshangao alipojitaja jina.

"Milcah? Lakini Milcah ameolewa, amerudi Kenya. Rafiki yake ndiye aliyekuja kuniambia, tena akanipikia mahali pake. Makaratasi yake yako wizarani tangu Jumatatu." Akamsogezea sahani. "Onja mwenyewe. Hii ndimu kwenye nyanya kaibuni yeye."

Milcah aliuma mara moja. Haikukosa kitu. Alitamani ikose, hata chumvi tu, lakini ilikuwa bauru yake kabisa, akairudisha sahanini kwa hasira.

Jerusha alitoka jikoni na aproni mpya. Kumwona Milcah, akatazama chini.

"Ningekuambia."

"Lini? Nikiwa airport?"

"Mkataba wangu pia unaisha, Milcah. Wewe ungepata kitu ingine, watu wanakupenda."

"Ulisema nimeolewa."

Fadi alikohoa, akasema pole, akasema laiti angejua, lakini nafasi ni moja na karatasi zimeshakwenda. Milcah akamshukuru, kwa kuwa alilelewa kushukuru, akatoka.

Hakuwa amefika barabarani aliposikia viatu vikimkimbilia nyuma. Jerusha alimpa mfuko wa plastiki, akihema.

"Beba hii. Ya kuchemsha na maziwa. Najua unaipenda."

Milcah aliupokea na kuufungua. Vilikuwa viini vya mikate kumi hivi, bado vina joto, vimetolewa kwa vidole jinsi alivyomfundisha.