Kilo za Mama Mkwe

Ndege ililipita pipa jeupe ikiwa bado inakimbia chini, na hiyo ndiyo ilikuwa shida yenyewe.

Pipa hilo rubani aliliweka mwenyewe kando ya kiwanja, usawa wa katikati ya urefu wake, juma lile lile aliloinunua ndege. Alilipaka chokaa ili hata mlevi alione. Sheria yake ilikuwa moja: ukifika kwenye pipa na mshale wa mwendo haujafika unapotakiwa, acha ubishi, simama. Miaka yote aliifuata bila kujiuliza. Leo mshale ulikuwa chini kwa upana wa kidole, na miguu yake ilikataa kubana breki, kwa sababu kwenye kiti cha pembeni yake alikuwa amekaa mama mkwe. Unasimamaje katikati ya safari mbele ya mama mkwe?

Watu walimwita Matairi, kwa kuwa ndiyo biashara yake. Alianza na jeki moja na pampu ya mkono, chini ya turubai. Shule aliiacha mapema. Vitabu vya urubani alivisoma kwa kidole, mstari kwa mstari, na mtihani aliufeli, akaurudia, akaufeli, akaurudia. Ndege yenyewe ilikuwa kuukuu, injini moja, viti vinne, pangaboi lenye kovu. Aliipenda kiasi kwamba mkewe alikwishaizoea kama mtu anavyomzoea mke mwenza.

Safari hii ilitokana na ugonjwa. Mdogo wake mama mkwe alikuwa amepasuliwa, anauguza mshono kwake ng'ambo ya mto, na daraja lilikuwa limebebwa na mafuriko. Kwa gari ni kuzunguka kutwa nzima. Kwa ndege, hata chai ya chupa haipoi. Mkewe aliridhia, naye akataka kwenda, ila kwa sharti: mama yake akitishwa huko juu, hata kidogo, ndege inauzwa. Alisema hivyo huku anapiga pasi, bila kuinua kichwa, na mwanamke yule akisema bila kuinua kichwa huwa hatanii.

Hapo ndipo lilipoingia suala la kilo. Ndege ndogo si lori, haina "ongeza mmoja". Kila kinachopanda hupimwa. Kwenye banda la ndege ilikuwepo mizani, na Matairi alikuwa amewapandisha hapo marafiki, majirani, hata mchungaji mmoja na vitabu vyake. Lakini mama mkwe? Utamwambiaje mwanamke aliyekuzalia mke, "Mama, hebu panda hapa tuone"? Uso umeumbwa na haya. Akamvuta mkewe pembeni, akamwuliza yeye. Mkewe akajibu sabini na mbili, pale pale, kama anayetaja tarehe yake ya kuzaliwa. Matairi akapiga hesabu kwa sabini na mbili. Ilitosha, kwa kubanabana.

Siku ya safari mama mkwe alichelewa, anasukwa nywele. Hakutaka mgonjwa amwone ovyo. Walipofika kiwanjani jua lilikuwa utosini, na joto huinyima ndege nguvu. Nyasi nazo zilikuwa zimenenepa kwa mvua. Fundi wa ndege, mzee mkavu asiyependa maneno, alimtazama mama mkwe, akaitazama mizani, kisha akamtazama Matairi. Matairi akajitia kukagua oili. Alipokuwa ameinama huko mbele, mkewe alilipakia begi la mama yake nyuma, akahema, asiseme kitu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Na sasa pipa lilikuwa nyuma yao. Injini ilitoa kelele zote ilizokuwa nazo. Alivuta usukani, pua ikainuka, magurudumu yakaacha nyasi kidogo, kisha yakarudi chini kwa kishindo, kama kuku aliyepania kuruka ukuta akaishia kwenye tope. Mbele kulikuwa na uzio wa waya, na nyuma ya uzio ukuta wa ghala. Matairi alianza kuyaona matofali moja moja.

Haya ikamtoka. Akairudisha injini chini, akakanyaga breki kwa miguu yote miwili.

Ndege iliserereka, ikapiga mayowe, ikaingia kwenye nyasi ndefu, ikasimama. Kati ya pangaboi na uzio ungeweza kutandika mikeka miwili. Wa tatu ungeukunja.

Alizima kila kitu. Akageuka nyuma: mkewe mzima, amekumbatia kiti. Akageuka pembeni: mama mkwe mzima, mkoba mapajani, anarekebisha kilemba. Pumzi zilimrudi kwa mkupuo. Wazima wote. Alilirudia neno hilo moyoni kama anayehakikisha chenji.

"Mbona tumesimama?" mama mkwe akauliza.

Uongo ulimjia, tena mzuri: upepo, plagi ya injini, mbuzi kiwanjani. Akaumeza.

"Tumezidi uzito, mama. Kosa ni langu. Niliona haya kukuuliza kilo zako."

Mama mkwe alimgeukia taratibu. "Ulikuja kwangu na suruali ya kuazima, ukamwomba binti yangu mbele ya wajomba zake wote. Siku ile haya hukuwa nayo. Leo umeipata, ndiyo unipeleke nayo ukutani?"

"Nisamehe, mama."

"Kuuliza si ujinga, baba. Ujinga ni huu."

Nyuma, mkewe alicheka kicheko chenye machozi ndani yake. Kilipokatika akakiri kwamba ile sabini na mbili aliisikia kwa mama yake wakati wa harusi yake mwenyewe, hakuwahi kufikiri kwamba imeongezeka. Na begi? Mama mkwe akasema ni vitu vidogo vya mgonjwa tu. Matairi alilifungua: kichwa cha cherehani, cha chuma kitupu, na vitambaa. Mgonjwa amekatazwa kuinua vitu, mama mkwe akaeleza, kushona hakukatazwa.

Walipoirudisha ndege bandani, mama mkwe aliiendea mizani bila kuambiwa. Alivua viatu. Akafikiri, akavua na kilemba. Akamwamuru fundi ageuke, fundi akageuka, halafu mama mkwe mwenyewe akausoma mshale kwa sauti ya kusikika banda zima: tisini na moja. Begi likafuata: ishirini na sita, wakati Matairi alikuwa ameliandikia sita, za nguo. Ndege ilipokataa, ilikuwa na haki yake.

Mtu abaki. Rubani habaki. Cherehani haibaki, mama mkwe alisema, hilo lisijadiliwe. Mkewe akawatazama wote wawili, akaelewa. Lakini kabla ya kushusha mkoba wake alikuwa na swali, na Matairi aliyekuwa amechuchumaa kando ya gurudumu alisubiri jibu.

"Mama, niambie kweli. Ametisha roho yako?"

Mama mkwe alifunga kilemba chake upya. "Tulipokuwa tunakimbia naye amenyamaza, ndiyo, niliogopa. Aliposimama nikapoa. Mwanamume anayejua kusimama, mwachie ndege yake."

Mkewe akashusha mkoba wake. Kisha akasema sharti lake lilihusu huko juu, na huko juu hawakufika. Matairi aliketi chini kabisa, kwenye saruji yenye mafuta, bila kujali suruali.

Fundi alikagua breki na miguu ya ndege, akafunga tairi jingine, lake la akiba. Walingoja jua lilegee. Safari hii ndege iliachana na nyasi mapema, laini, na pipa jeupe lilipopita lilikuwa chini yao. Mama mkwe alilipungia mkono. Matairi alijikuta anaimba.

Gharama ilikuwa hii: tairi la kushoto, lililolika mpaka nyuzi, na la kumrudishia fundi halipatikani katika duka lote la Matairi; vibao vya breki vya pande zote mbili; nafasi ya mkewe, aliyebaki bandani na fundi asiyependa maneno, ya kumwona mama yake mdogo; na kilo kumi na tisa ambazo mama mkwe alizificha tangu harusi ya bintiye, na sasa kiwanja kizima kinazijua.