Mshale Mmoja Tu

...na bado anasubiri, Darcy, bosi wao, kalamu juu, meno nje, "Lorelle, tuko kijani au vipi?", kama mtu anayeuliza chai ina sukari, na meza nzima imemgeukia Lorelle, mpanga ratiba, yeye asiyejua hata kushika bisibisi, kazi yake ni kusema kipi kinatangulia kipi, basi, na pale ukutani ratiba yote ya setilaiti ni kijani kasoro mstari mmoja mwekundu, kuitikisa upya kwenye mashine kama roketi itakavyoitikisa, halafu mshale wa kusema hiki kabla ya kile, halafu kuifungasha, na ni mshale huo tu unaosukuma kila kitu mbele mpaka roketi waliyokodi nafasi iwe imeshaondoka na nafasi yao wamepewa wengine... "Ufute tu," Darcy alimwambia siku ya Ijumaa pale kwenye birika la chai, kirafiki, sauti chini, "nani atajua, mama? Si tulishaitikisa ikapona?", ikapona wapi, Darcy, kishikizo cha betri kilipata ufa, Anoushka akaunda kingine kinene zaidi, na hicho kipya hakijatikiswa hata na upepo, na Anoushka mwenyewe huyo hapo, mhandisi mzima, anakoroga kahawa isiyo na sukari, sema basi dada, sema wewe uliyekiunda, wapi, anakoroga tu, kila mtu anataka hilo neno kijani litoke mdomoni mwa Lorelle ili kesho waseme ratiba ndiyo ilisema...

"Mpeni nafasi afikirie jamani," anadakia Viggo, yule wa mauzo, "ila huyu akianza kufikiria, kiangazi kitaisha!", wanacheka, chekeni tu, kiangazi ndicho kinachomuuma, maana chombo hiki ni cha kuona moto wa msituni, kuuona ungali moshi mwembamba, na mama yake, Kalliopi, mjane mbishi, anaishi peke yake kule vilimani juu ya mji wa Adelaide na mizeituni yake na mbuzi wake, na mwaka ule moto ulipokuja tahadhari ilifika mizeituni inawaka tayari, Lorelle akamkuta bibi kizee ameshika mpira wa bustani anamwagia paa, nyusi zote zimeungua, "usinililie mie, zitaota," akacheka, ee Mungu, akacheka, na Lorelle akaacha kazi ya reli akaja hapa kwa ajili ya jicho hilo liwe juu, kiangazi hiki, si kijacho, kwa hiyo asitokee mtu kumwambia hataki liruke, anataka kuliko wao wote, anataka mpaka Ijumaa, wenzake walipoondoka, mkono wake wenyewe uliufikia ule mshale kwenye kompyuta, ikabaki kubonyeza tu...

"Lorelle bwana, tunazeeka hapa," Darcy tena, na Lorelle kichwani anamwona mama barazani, miguu juu ya kiti, anawatambia majirani, sasa tunatazamwa, mwanangu ndiye aliyepanga, hatuhami tena kwa kila harufu ya moshi, wakituambia tutoke tutatoka, na huko juu kishikizo kimekatika, jicho limekufa, hakuna anayetazama chochote, ukutani kijani tupu, na mama amekaa, amekaa kwa sababu anamwamini binti yake... hapana, afadhali asiwe na jicho kabisa, asiye nalo huchungulia dirishani mwenyewe, mficha maradhi kifo humuumbua, na kifo hiki hakitamjia Darcy, wala Viggo, kitapanda vilimani, kwa hiyo nyekundu, atasema nyekundu, kwa sauti, mshale unabaki, roketi iende, wamnunie mwaka mzima, na leo hii atampigia simu mama aanze kufungasha, kiangazi hiki analala kwake mjini, apende asipende, na mbuzi waje, watakula bustani yote, wale tu, na Darcy kalamu bado iko juu, Anoushka bado anakoroga, Lorelle anavuta pumzi.