Nane kwa Kumi

Mwalimu akistaafu hunyang'anywa darasa, lakini kalamu nyekundu haachi. Kama unabisha, nenda Nunguni ukamtazame Bi. Kavindu. Huu ni mwaka wa nane tangu aage shule, na bado akipewa ratiba ya mazishi kanisani huisahihisha kwanza, ndipo amlilie marehemu. Mchungaji amezoea. Wajukuu nao wamekoma kumwandikia, siku hizi wanapiga simu tu.

Raha yake kubwa ilikuwa Chaki 77. Hilo ni kundi la wasapu la wale waliosomea ualimu pamoja mwaka huo, walipokuwa vijana thelathini na wanne wenye nywele kubwa na suruali zinazofagia sakafu. Sasa wamebaki ishirini na watatu, na magoti yao ni mabovu. Kavindu ndiye katibu. Hakuna aliyemchagua, ila ndiye aliyetoka chuoni na rejesta ya darasa ndani ya sanduku lake, na hadi leo haijarudishwa. Mara moja kwa mwaka hukutana, na yeye huita majina kwa rejesta hiyohiyo. Usipokuja anakutia sufuri nyekundu, uwe umelazwa au umefiwa.

Kila Jumapili jioni wana Chaki huleta habari zao: nani kapasuliwa jicho, nani kapata mjukuu, nani kavuna ndengu magunia mangapi. Na Kavindu, chai yake mkononi, huwatolea alama. "Muli, habari ya ng'ombe wako ni nzuri ila inachosha, sita kwa kumi." "Hassan, umejisifu kupita kiasi, tano." Jamani, watu wa karibu miaka sabini wanagombania alama kama watoto wa darasa la tatu! Hassan wa Kitui mjini, mzee mzima mwenye duka la nguo na ndevu nyeupe, aliwahi kukata rufaa siku tatu apandishwe kutoka tano hadi sita.

Sasa nikuambie jambo ambalo kila mwalimu analijua na hakuna anayelikiri. Ukiletewa madaftari sabini, kumi ya kwanza unasoma. Yale mengine unaangalia urefu, unaangalia usafi, na mkono unaenda wenyewe: vema, vema, vema, nane kwa kumi, endelea hivyo. Kavindu alifanya hivyo miaka thelathini na saba na hakuna mtoto aliyedhurika. Kwenye simu akaendelea hivyohivyo.

Kisa chetu kinaanza na kunyamaza kwa Nzuki. Nzuki anaishi Mutomo, kule kwenye joto na mbuzi, na zamani alikuwa mwandishi mzuri tu, kila Jumapili hakosi. Ghafla akakatika. Mwezi ukapita, miwili, mwaka. Kavindu alianza kwa utani. "Nzuki, nione ofisini!" Kimya. "Nzuki, leta mzazi!" Kimya. "Nzuki, au Mutindi amekunyang'anya simu?" Mutindi ndiye mke wa Nzuki, na hapo watu kadhaa walicheka. Nzuki alikuwa akisoma, alama za kuonyesha ujumbe umesomwa zilikuwa pale, lakini neno hakutoa.

Kavindu akaudhika. Yeye hudharauliwa na nani? Mkutano wa mwaka ulipokaribia, uliopangwa Kanyangi kwa Muli, aliandika kundini bila kumung'unya maneno: "Nambari kumi na saba ameanza kuringa. Asipokuja Jumamosi ijayo, namfuta kwenye rejesta." Akaweka simu mezani, akajimiminia chai ya pili, roho kwatu.

Simu ikalia kabla hajaionja. Alikuwa Hassan.

"Mwalimu Kavindu, ile habari ya mwisho ya Nzuki uliisoma?"

"Niliisahihisha."

"Hilo najua. Nakuuliza kama uliisoma."

"Hassan, una nini wewe?"

"Nilikuwa natafuta mbuzi wa Idd. Nikakumbuka Nzuki aliwahi kutaja mbuzi waliozaa, nikapanda juu kwenye kundi, nikapanda, nikaifikia. Panda juu, mwezi wa nne mwaka jana."

Kavindu akavaa miwani, akapanda juu. Akaikuta.

"Hamjambo wana Chaki. Mvua huku imezidi, mto Tiva umejaa, magari hayapiti. Mbuzi wawili wamezaa mapacha. Mutindi aliugua ghafla Jumapili na Jumanne akaniacha. Tumemzika Ijumaa na majirani tu, maana hakuna ambaye angevuka. Mahindi yameozea shambani. Nyumba imekuwa kubwa sana. Wenu, Nzuki."

Na chini yake, kwa jina la katibu: "Nane kwa kumi. Vizuri sana! Endelea hivyo."

Na chini ya hapo, watu kumi na mmoja wakipiga makofi. "Hongera Nzuki!" "Nane si mchezo!" Wote walikuwa wamesoma alama. Habari yenyewe hakuna aliyeisoma hadi mwisho.

"Ngai wakwa, Mungu wangu," alisema Kavindu, na chai ikamwagika kwenye leso aliyojifunga kiunoni. "Hassan, nimemuua huyu mtu."

"Wa tatu kwa makofi ni mimi," Hassan alisema kwa sauti ya chini.

"Basi twende wote Mutomo."

"Tangulia wewe, dada yangu. Ukirudi mzima, nitafuata."

Usiku huo hakula. Kwake Mutindi hakuwa jina la kusikia tu. Alikuwa binti wa mpishi wa chuo, na barua ya kwanza ya Nzuki ilipitia mkononi mwa Kavindu. Aliifungua njiani, akaisahihisha kwa wekundu, akaipa nne kwa kumi, ndipo akaipeleka jikoni. Mutindi aliicheka hadi akakaa chini kwenye gunia la mahindi. Akaolewa kwa hizohizo nne. Na sasa mwanamke huyo alikuwa mchangani mwaka na mwezi, na Kavindu alikuwa akimtania mumewe kwamba amenyang'anywa simu. Aliona aibu, akajichukia. Alitaka kitu kimoja tu, Nzuki amsamehe na aitike jina lake Jumamosi. Kama hataitika, rejesta ile haitakuwa na maana yoyote kwake tena.

Akaandika barua ya toba, karatasi mbili, mbele na nyuma. Akaiandika upya mara nne. Asubuhi akajaza kiondo maparachichi, akateremka hadi barabara kuu, akapitia Kibwezi, na saa nane mchana alikuwa kwenye boma la Nzuki, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu.

Nzuki alikuwa amekonda lakini shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na kalamu mbili mfukoni, ya bluu na nyekundu. Hakuonyesha hasira. Afadhali angemfokea. Alimpa kiti, akampa maji, akampakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage, uliokuwa na chumvi nyingi, mapishi ya mwanamume anayejifunza uzeeni. Kavindu alikula yote.

"Mwalimu," alisema, akatoa barua. "Nimekuja na hii."

Nzuki akaipokea kwa mikono miwili. Akaichomoa kalamu nyekundu. Akaiweka barua gotini, na mkono ukaanza kwenda: vema, vema, vema, kutoka juu hadi chini, akageuza, vema, vema. Hakuchukua hata nusu dakika. Akaandika kitu mwishoni, akakipigia mstari, akamrudishia.

Nane kwa kumi. Vizuri sana! Endelea hivyo.

Kavindu alitaka kucheka. Kinywa kilifunguka, lakini kicheko hakikuja.

"Hujasoma," alisema.

"Nimesahihisha."

"Nzuki, hujasoma hata neno moja! Nimekesha na hiyo barua!"

"Kumbe inauma," Nzuki alisema. Akafunika kalamu taratibu. "Mimi siku ile nilikaa hapo ulipokaa, simu mkononi. Nilikuwa nimemzika nikiwa na majirani sita. Nikasema, sasa wenzangu watanipigia. Simu ikalia ting. Nikafungua." Akatazama mbuzi wake. "Barua ya kumposa ulinipa nne, Kavindu. Ya kumzika ukanipa nane."

Hapo Kavindu alilia. Hakulia kistaarabu, alilia kwa kamasi, mtu mzima wa kanisa, kitambaa hakionekani, akajifuta kwa ncha ya leso. Nzuki akamwacha alie. Alikuwa amesubiri mwaka na mwezi, na hakuona sababu ya kumharakisha.

"Nikusomee?" Kavindu aliuliza alipotulia.

"Soma."

Akasoma. Alipofika pale pa gunia la mahindi, Nzuki akainua mkono.

"Alicheka?"

"Alicheka hadi akakaa chini. Akasema, huyu mtu hajui kuandika lakini hajui kudanganya pia."

"Hakuwahi kuniambia."

"Aliniapisha."

"Rudia hapo," Nzuki alisema, na Kavindu akarudia pale mara tatu, hadi jua likapoa. Alipoaga, alimuuliza kama atakuja Kanyangi. Nzuki alisema maparachichi ni mazuri. Kuhusu Jumamosi hakusema kitu.

Jumamosi ikafika. Kwa Muli kulikuwa na hema, nyama na kelele za watu wanaosikia nusu. Kavindu akafungua rejesta, akaita. Waliokuwepo wakaitikia kama zamani, "Nipo, mwalimu!", na waliofariki darasa zima likawaitikia. Kumi na tano. Kumi na sita.

"Nambari kumi na saba. Nzuki."

Hassan akainamisha kichwa. Kavindu alikuwa na kalamu mkononi na hakuigusa karatasi.

"Nzuki," aliita tena.

"Nipo, mwalimu."

Alikuwa amesimama langoni, vumbi hadi magotini, akimvuta beberu kwa kamba. Kavindu alitaka kusema "umechelewa", mazoea hayana dawa, akauma ulimi. Nzuki akamkabidhi Hassan ile kamba. "Mbuzi wako wa Idd, Kavindu ameniambia," alisema. "Ulipomaliza kunipigia makofi ulisahau kumwagiza."

Kisha akatembea hadi mbele, akanyoosha mkono, na Kavindu akampa kalamu nyekundu bila kuombwa.

"Habari yangu ya mwezi wa nne mwaka jana haijasomwa," Nzuki aliwaambia. "Leo katibu ataisoma. Lakini kwanza, waliopiga makofi bila kusoma, simameni."

Wakatazamana. Hassan alikuwa wa kwanza. Muli akafuata, ameshikilia meza. Kisha mmoja mmoja, kwa fimbo, kwa kuegemeana, kwa "aii mgongo wangu", wale kumi na mmoja wakasimama. Waliobaki wakaona haya kukaa, maana nao hawakusoma, wakasimama pia. Kuna aliyenong'ona kwamba adhabu hii ni ya watoto, Nzuki akamtolea macho, akanyamaza.

Kavindu akaishika simu kwa mikono miwili, akasoma. Alisoma mvua, na mto Tiva, na mbuzi waliozaa mapacha. Alisoma neno kwa neno, kama mtoto anayesoma mbele ya darasa mara ya kwanza. Alipolifikia jina la Mutindi akavua miwani, akaifuta, akaendelea.

Alipomaliza, Nzuki akawatazama wote, wazee ishirini na wawili waliosimama wima, kofia zimevuliwa, bila mtu kuwaambia wavue.

"Ahsanteni," alisema. "Huyu mama hakuwa na hata mmoja wenu wa kumsimamia siku ile."

Hakuwaambia wakae, na hakuna aliyekaa.